Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: kupima uimara wa kompyuta mpya ya gemu

Umefunga skrubu ya mwisho, umebonyeza kitufe, feni zimezunguka na Windows imefunguka. Hapo umethibitisha kwamba vipuri vinaelewana. Bado hujui kama vitavumilia saa nne za gemu mchana wa Februari pale Dar es Salaam au Mombasa, wala kama RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) uliyonunua inakumbuka kila kinachoandikwa ndani yake. Maswali yafuatayo ndiyo wanaojiundia kompyuta huuliza zaidi siku za kwanza, na yamefuata mpangilio wa kazi yenyewe: RAM, prosesa, kadi ya grafiki, umeme, kisha vyote pamoja. Mpangilio huo usiuvuruge. Ukipima kila kitu kwa mpigo mmoja na mashine ikaanguka, hutajua ni kipuri kipi cha kurudisha dukani.

Gemu inacheza vizuri. Kuna haja gani ya kupima?

Gemu haigusi kila kitu. Nyingi hutumia viini (sehemu zinazofanya hesabu) vichache vya prosesa na sehemu tu ya RAM, kwa hiyo kijiti chenye eneo moja bovu kinaweza kukaa wiki nzima bila kuonyesha dalili, mpaka siku Windows itakapoweka kitu cha maana palepale. Tena ubovu wa RAM hauishii kwenye gemu kujifunga. Kila faili unayonakili hupitia kwenye RAM. Ikiharibika humo, diski huihifadhi ikiwa imeharibika, bila onyo lolote. Picha za harusi ya dada yako na kazi yako ya chuo zinaweza kuharibika kimyakimya, ukaja kugundua baada ya mwaka.

Sababu ya pili ni ya mfukoni. Maduka mengi hukubadilishia kipuri kibovu papo hapo katika siku chache za mwanzo. Zikipita, unaingia kwenye waranti ya mtengenezaji, na kwa Afrika Mashariki hiyo mara nyingi ina maana kipuri kitasafirishwa nje ya nchi, nawe ukae bila kompyuta wiki kadhaa. Soma risiti yako leo ujue una siku ngapi.

Nifanye nini kabla ya jaribio la kwanza?

Sasisha BIOS, yaani programu ya ndani ya mazabodi (bodi kuu ya kompyuta) inayowasha na kuviratibu vipuri. Wengi huliruka hili kwa kuogopa umeme kukatika katikati, na hofu hiyo ina msingi, basi fanya ukiwa na UPS (betri ya akiba) au saa ambazo umeme kwenu umetulia. Lakini fanya. Mwaka 2024 Intel ilithibitisha kwamba prosesa zake za mezani za Core za kizazi cha 13 na cha 14 zilikuwa zikipewa volteji iliyozidi na kuchakaa kabla ya wakati. Marekebisho yalikuja kama mikrokodi (maelekezo ya ndani ya prosesa) 0x129 mwezi Agosti na 0x12B mwezi Septemba, na yote yanamfikia mtumiaji kupitia BIOS mpya. Waranti za prosesa hizo zikaongezwa miaka 2. Mwaka 2023, baadhi ya prosesa za AMD za Ryzen 7000X3D ziliungua zikiwa kwenye soketi, na zikatolewa BIOS zinazozuia volteji ya SoC (sehemu ya prosesa yenye kidhibiti cha RAM) kuvuka volti 1.3. Mazabodi iliyokaa kwenye rafu ya duka tangu wakati huo bado ina BIOS ya zamani ndani yake. Ukianza kuibebesha mzigo kabla ya kusasisha, unaipima prosesa katika hali ileile iliyowaharibia wenzako.

Kisha kagua kwa macho na vidole. Vijiti viwili vya RAM vikae kwenye sloti ya pili na ya nne kuhesabu kutoka kwenye prosesa, ambazo kwenye mazabodi nyingi huandikwa A2 na B2. Hakikisha plastiki ya kinga imebanduliwa chini ya kipozeo, na kama kipozeo ni cha maji, ingia BIOS uone pampu inazunguka. Kebo ya skrini ichomekwe kwenye kadi ya grafiki, isiwe kwenye mazabodi. Kadi yenye plagi ndogo ya pini 16 isukume mpaka mwisho: kadi za RTX 4090 zilipotoka mwaka 2022, plagi kadhaa ziliyeyuka, na uchunguzi ukaonyesha kwamba nyingi kati yake hazikuwa zimeingia sawasawa.

Mwisho, pakua HWiNFO. Ni ya bure na inasoma karibu kila kihisi kilichomo: joto, volteji, kasi ya feni, wati. Kupima bila kuangalia vihisi ni kubahatisha.

Nimewasha mara ya kwanza, skrini ni nyeusi na dakika zinapita. Imekufa?

Kama RAM yako ni ya aina ya DDR5, subiri. Mazabodi inaizoea RAM: inajaribu muda na volteji mbalimbali mpaka ipate zinazofanya kazi, na mara ya kwanza shughuli hiyo inaweza kuchukua dakika kadhaa, hasa kwenye Ryzen zenye RAM nyingi. Usiizime. Ikifika robo saa bila mabadiliko, zima, acha kijiti kimoja tu, jaribu tena.

Kwa nini RAM ipimwe kabla ya kitu kingine chochote?

Kwa sababu ubovu wake hujifanya ubovu wa kila kitu kingine. RAM mbovu huleta skrini ya bluu inayotaja draiva (programu inayoendesha kifaa) ya grafiki, hufanya gemu ishindwe kujifungua baada ya kupakuliwa, hufanya Windows ikatae kusakinishwa, na humfanya fundi abadilishe kipuri kisicho na kosa. Tena ukisakinisha Windows kwa kutumia RAM mbovu, faili za mfumo zenyewe zinaweza kuandikwa vibaya, na hata ukibadilisha RAM baadaye matatizo yanabaki. Ndiyo maana nasisitiza RAM ipimwe kabla hata ya kusakinisha Windows.

Programu mbili zinatosha. MemTest86 ya kampuni ya PassMark ina toleo la bure linalozunguka mara 4. Memtest86+ ni programu huria na haina kikomo cha mizunguko. Zote unaziweka kwenye flashi, unawasha kompyuta kutokea kwenye flashi hiyo, na zinafanya kazi bila Windows. Ikikataa kuwaka, zima Secure Boot kwenye BIOS kwa muda. Mzunguko mmoja kwenye GB 32 unaweza kuchukua saa moja au zaidi, basi anzisha usiku ukalale. Asubuhi unataka kuona sifuri kwenye safu ya makosa.

Nimesikia DDR5 inajirekebisha makosa yenyewe. Bado nipime?

Bado. Chipu za DDR5 zina marekebisho ya ndani, lakini yanalinda kilichohifadhiwa ndani ya chipu tu. Data ikiharibika ikiwa njiani kati ya kijiti na prosesa, marekebisho hayo hayahusiki, na hapo ndipo makosa mengi ya kasi kubwa hutokea.

Niwashe XMP au EXPO kabla au baada ya kupima?

Pima mara mbili. Ndilo swali ninalotamani kila mtu angeliuliza kabla ya kununua, kwa sababu kasi iliyoandikwa kwenye boksi watu huichukulia kama kasi ya kawaida, na sivyo. Kijiti cha DDR5 kilichoandikwa 6000 mara nyingi huwaka kwa 4800. Hiyo 6000 ni ahadi ya mtengenezaji wa RAM, inayopatikana ukiwasha XMP kwenye mazabodi za Intel au EXPO kwenye zile za AMD. Mtengenezaji wa prosesa hajaiahidi. AMD inaitambua rasmi kasi ya 5200 kwa Ryzen 7000 yenye vijiti viwili, na ukijaza sloti nne inashuka hadi 3600. Kwa hiyo 6000 ni ovakloki (kasi iliyopandishwa kupita kiwango rasmi), hata kama ni ya kubonyeza kitufe kimoja. Inafaulu kwa walio wengi kwa sababu prosesa nyingi zina nafasi ya ziada, ila yako inaweza isiwe nayo.

Mzunguko wa kwanza uwe kwa kasi ya kawaida. Makosa yakitokea hapo, kijiti au sloti ni mbovu, rudisha bila mjadala. Ikipita, washa XMP au EXPO, rudia mizunguko 4. Makosa yakitokea sasa tu, kijiti kinaweza kuwa kizima na kilichoshindwa ni kidhibiti cha RAM kilichomo ndani ya prosesa. Shusha hadi 5600 ujaribu tena. Tofauti ya fremu kati ya 5600 na 6000 kwenye gemu nyingi hutaiona kwa macho, na skrini ya bluu utaiona. Mimi ningeshusha bila kusita.

Na hapa neno kuhusu vijiti vinne: ukitaka GB 32, nunua viwili vya 16 kwenye boksi moja. Kuunganisha maboksi mawili, hata ya jina moja na namba moja, hakuna aliyekupimia kwamba vitaelewana.

Makosa mangapi yanavumilika?

Sifuri. Kosa moja katika saa nane ni RAM iliyoshindwa. Kuna watu wanaosema moja ni bahati mbaya tu. Rudia jaribio, na kama linajitokeza mahali palepale una ushahidi kamili.

Ukipata kosa, toa vijiti vyote, pima kimojakimoja kwenye sloti ileile. Kibovu kitajulikana. Ikiwa vyote vinapita kimojakimoja na vinashindwa vikiwa pamoja, tatizo ni kasi au mazabodi.

Prosesa nipime kwa programu gani?

Anza na Cinebench, ambayo jaribio lake la kawaida huchukua dakika 10. Inatosha kukuonyesha kama kipozeo kimekaa vizuri, maana kikiwa hakijakaa joto litaruka hadi ukomo ndani ya sekunde chache. Kisha nenda Prime95.

Prime95 haikutengenezwa kwa ajili yetu. Ni programu ya mradi wa GIMPS, ulioanzishwa na George Woltman mwaka 1996 ili kutafuta namba tasa kubwa sana kwa kuunganisha kompyuta za watu wa kujitolea duniani. Hesabu moja huweza kwenda siku nyingi, na kosa dogo katikati linaharibu kazi yote, kwa hiyo ikalazimika kuwa na njia ya kujua kama kompyuta inahesabu vibaya. Jaribio lake la mateso hufanya hesabu ambazo majibu yake yanajulikana, na jibu likitofautiana hata kidogo, linasimamisha kiini husika na kukuambia ni kipi. Nguvu yake iko hapo. Programu nyingi hupasha prosesa joto tu na kungoja ianguke. Prime95 humkamata mwongo kabla hajaanguka. Mwezi Januari 2016 mzigo wa Prime95 ndio uliofichua kasoro ndani ya prosesa za Intel za Skylake zilizokuwa zikiganda chini ya hesabu fulani, na Intel ikatoa marekebisho kupitia BIOS.

Ndani yake chagua Small FFTs ukitaka kupima prosesa na kipozeo, na Large FFTs ukitaka kukisumbua kidhibiti cha RAM. Nusu saa kwa ya kwanza na saa mbili kwa ya pili zinatosha kwa kompyuta ya gemu ambayo hujaigusa volteji. Wapo wanaodai saa 24. Kwa anayefanya hesabu za kisayansi ni sawa. Kwa gemu, muda huo ni afadhali uutumie kwenye RAM.

Kama Prime95 inakuogofya, OCCT ni mbadala mzuri. Nayo inahakiki majibu, ina grafu za joto ndani yake, na toleo la bure la matumizi binafsi linaruhusu jaribio la hadi saa moja.

Prosesa yangu imefika nyuzi 95. Nizime?

Inategemea ni ipi. Ryzen 7000 nyingi zimeundwa zipande hadi nyuzi 95 chini ya mzigo kamili na zibaki hapo zikijipunguzia kasi kidogokidogo. AMD yenyewe imesema hiyo ni hali ya kawaida. Core za Intel za kizazi cha 13 na 14 ukomo wake ni nyuzi 100. Prosesa ikifika ukomo hujipunguza, na ikizidi sana hujizima. Kwa hiyo 95 kwenye Prime95 si ajali. Lakini 95 ukiwa unacheza gemu ya kawaida ni dalili kwamba kipozeo hakijabana, pesti imekosekana sehemu, au hewa haitoki ndani ya kasha.

Kuna jambo ambalo miongozo ya Ulaya na Marekani hailitaji. Vipimo vyao vingi hufanyiwa kwenye chumba cha nyuzi 20 hadi 22. Chumba cha Tanga, Mombasa au Unguja mwezi wa Februari kina nyuzi 32 bila shida, na kila nyuzi inayoongezeka chumbani huongezeka karibu vilevile kwenye prosesa. Ukisoma kwamba kipozeo fulani kinaishikilia prosesa yako kwenye 80, wewe jihesabie 90. Kwa sababu hiyo pima mchana, dirisha likiwa kama litakavyokuwa siku zote, paneli ya kasha ikiwa imefungwa. Jaribio la saa nane usiku na kasha wazi halitakuambia lolote kuhusu saa nane mchana. Nairobi chumba ni cha baridi zaidi, ingawa hewa ya karibu mita 1,800 juu ya bahari ni nyepesi na feni hubeba joto pungufu kidogo. Mwishowe bado uko mahali pazuri kuliko Pwani.

Na kadi ya grafiki?

Hapa dalili unaziona kwa macho: vidoti vinavyometameta, pembetatu zinazorefuka toka kwenye mwili wa mhusika, rangi zinazobadilika ghafla. Zikitokea kwenye kadi mpya ambayo hujaiongeza kasi, kadi ni mbovu au hainyweshwi umeme wa kutosha.

Endesha programu ya majaribio ya Unigine Superposition, ambayo toleo la msingi ni la bure, uirudierudie kwa nusu saa. Ukiwa na 3DMark ya kulipia, tumia jaribio lake la mzigo: linarudia onyesho mara 20 na kukupitisha tu ikiwa kasi ya fremu imebaki angalau asilimia 97 kati ya mzunguko bora na ule mbaya. Kadi inayoshindwa hapo mara nyingi inajipunguza kwa joto. Kisha pima kumbukumbu ya kadi kwa jaribio la VRAM lililomo ndani ya OCCT, hasa kama kadi ni ya mtumba na hujui ilitumikaje kabla yako.

Kwenye HWiNFO angalia joto la jumla na joto la sehemu yenye moto zaidi, pale kadi inapolionyesha. Tofauti kati ya hayo mawili ikizidi nyuzi 25 hivi, kipozeo cha kadi hakijagusa chipu sawasawa. Kadi za Radeon RX 6000 na 7000 huruhusu sehemu hiyo ifike 110, namba inayotisha lakini imo ndani ya mipaka yake.

FurMark je?

Ni programu ya kuibebesha kadi ya grafiki mzigo mzito. Kwa dakika 10, ili kuona kama kipozeo na pawa saplai vinastahimili wati za juu kabisa, sawa. Zaidi ya hapo haina faida kubwa. Mzigo wake ni mmoja usiobadilika na draiva za kisasa huutambua na kuubana. Kadi inayoanguka kwenye gemu mara nyingi huanguka mzigo unapopanda na kushuka kwa ghafla: mlango unafunguka, moshi unajaa skrini, kasi ya chipu inaruka. Hilo FurMark hailigusi. Gemu nzito yenye mwanga wa ray tracing, fremu bila kikomo, kwa saa mbili, ni mtihani wa kweli zaidi.

Kadi inatoa mlio mwembamba nikiwa kwenye menyu ya gemu.

Ni koili zinazotetemeka fremu zikiwa mamia kwa sekunde. Weka kikomo cha fremu, mlio utapungua. Hauhusiani na uimara.

Nitajuaje kama pawa saplai inatosha?

Endesha prosesa na kadi kwa pamoja. OCCT ina jaribio liitwalo Power linalofanya hivyo, au fungua Prime95 na Superposition kwa wakati mmoja. Nusu saa. Kompyuta ikizimika kabisa kama iliyong'olewa plagi, bila skrini ya bluu, mtuhumiwa wa kwanza ni umeme.

Kabla ya kumhukumu, tazama mambo mawili. La kwanza ni kebo za kadi: kadi yenye plagi mbili za pini 8 iletewe kebo mbili tofauti kutoka kwenye pawa saplai, isiwe kebo moja yenye vichwa viwili. Plagi moja imekadiriwa wati 150, na kuzibebesha zote mbili kebo moja ni kutafuta matatizo. La pili ni kiwango cha pawa saplai yenyewe. Kadi za kisasa huvuta umeme kwa kuruka: kwa muda mfupi sana huvuka mbali wati zake za kawaida. Ndiyo sababu kanuni ya ATX 3.0 ya mwaka 2022 inaitaka pawa saplai istahimili hadi asilimia 200 ya uwezo wake kwa maikrosekunde 100. Pawa saplai ya zamani ya wati 650 inaweza kujizima kwa kadi ambayo kwenye karatasi inaimudu. Na alama ya 80 Plus inapima upotevu wa umeme. Haikuambii kama vipuri vya ndani ni imara.

Inazimika nikiwa kwenye UPS tu. Pawa saplai ni mbovu?

Yamkini UPS imezidiwa. UPS ya VA 650, inayopatikana kila duka, mara nyingi hubeba wati 360 hadi 390 tu. Kompyuta ya gemu yenye kadi ya wati 250 na prosesa ya wati 150 imeshaivuka kabla hujawasha skrini. Ukiipima hapo itazimika, na utarudisha pawa saplai nzima. Kwa majaribio ya mzigo, chomeka moja kwa moja ukutani au kupitia kinga ya volteji, kisha rudia ukiwa na UPS ili kujua inabeba nini.

Sababu nyingine ni aina ya mkondo. UPS za bei nafuu zikihamia kwenye betri hutoa mawimbi ya ngazingazi, na baadhi ya pawa saplai za kisasa huyakataa na kujizima sekunde ileile umeme wa ukutani unapokatika. Jaribu mapema: kompyuta ikiwa imetulia, hakuna kazi uliyofungua, zima swichi ya ukutani. Ikibaki hai, jaribu tena ikiwa na mzigo mdogo.

Na volteji ya mtaani. Umeme wa nyumbani ni volti 230 Tanzania na 240 Kenya, na pawa saplai nzuri hukubali toka 100 hadi 240, kwa hiyo kushuka si tatizo kubwa kwake. Kinachoua ni kupanda ghafla umeme unaporudi. Kinga ya volteji inayochelewesha umeme dakika chache, kama zile za friji, ni gharama ndogo ukilinganisha na kadi ya grafiki.

SSD nayo inapimwa?

Haraka tu. Fungua CrystalDiskInfo utazame saa ilizofanya kazi. Diski mpya iwe na saa chache sana. Ikiwa na mamia, si mpya, na una haki ya kuuliza. Kama uliinunua kwa bei iliyokushangaza, jaza nafasi yote kwa H2testw, itakuonyesha kama ukubwa ulioandikwa ni wa kweli. Fanya hivi kabla ya kuweka chochote ndani yake.

Imeanguka. Nisome vipi dalili?

Kwanza izuie isijiwashe upya kabla hujasoma. Kwenye mipangilio ya juu ya mfumo, sehemu ya Startup and Recovery, ondoa alama kwenye Automatically restart. Skrini ya bluu sasa itakungoja upige picha.

WHEA_UNCORRECTABLE_ERROR ina maana vifaa vyenyewe vimeripoti kosa: mara nyingi prosesa, volteji yake, au ovakloki ya RAM. MEMORY_MANAGEMENT inakurudisha kwenye Memtest. VIDEO_TDR_FAILURE ina maana kadi haikuijibu Windows kwa wakati. Kikomo cha kawaida ni sekunde 2, kisha Windows hujaribu kuwasha draiva upya, na ikishindikana inaanguka. Hapo anza na draiva, kisha umeme wa kadi, mwisho kadi yenyewe.

Ukiingia Event Viewer, orodha ya matukio ya Windows, utakutana na Kernel-Power namba 41, na wengi huiona na kukimbilia kununua pawa saplai. Tukio hilo linasema tu kwamba kompyuta ilizimika bila kuagwa vizuri. Halisemi kwa nini. Tafuta yaliyoandikwa dakika chache kabla yake, hasa ya WHEA-Logger (makosa yaliyoripotiwa na vifaa vyenyewe). Hayo hutokea hata kompyuta ikiendelea kufanya kazi, na hata moja likijirudia kila siku linatosha kusema kuna kitu hakiko sawa.

Ujumbe wa gemu kwamba kumbukumbu ya video imekwisha, wakati kadi yako ina nafasi tele, ulikuwa miongoni mwa dalili za prosesa za Intel zilizochakaa nilizozitaja juu. Ukiwa na kizazi cha 13 au 14, usiupuuze.

Imepita majaribio yote lakini gemu moja inaanguka.

Basi mtuhumiwa ni gemu. Hakiki faili zake kwenye Steam, sasisha draiva, zima programu zinazochora juu ya skrini. Ikiwa zinaanguka gemu tatu tofauti za watengenezaji tofauti, rudi kwenye vifaa.

Inaanguka ikiwa haina kazi yoyote, nikiwa nimeiacha kwenye kivinjari.

Watu husahau kwamba volteji hushuka kompyuta inapopumzika, huku kiini kimoja kikiruka kwenda kasi ya juu kabisa kwa sekunde moja kufungua ukurasa. Prime95 ya viini vyote haioni hilo, kwa sababu viini vyote vikifanya kazi kasi ya kila kimoja hushuka. Kama ulipunguza volteji kwa Curve Optimizer kwenye Ryzen, jibu liko hapo. CoreCycler inapima kiini kimoja baada ya kingine na kukutajia kilichoshindwa. Mrudishie huyo peke yake volteji kidogo, wengine waache.

Majaribio haya yanaweza kuiharibu kompyuta yangu?

Kipuri kizima kwenye mipangilio ya kiwandani, hapana. Kinachoharibu ni volteji uliyoongeza kwa mkono. Kipuri kilichokuwa njiani kufa kitakufa mapema, na hiyo ni heri ukiwa bado na risiti mkononi.

Nirudie kupima lini?

Ukisasisha BIOS, kwa sababu mipangilio ya RAM hubadilika. Ukiongeza RAM. Ukibadili volteji, hata ya kupunguza. Na msimu wa joto unapoingia, angalau nusu saa ya gemu nzito huku HWiNFO ikiwa wazi. Vumbi la Dodoma au Kitengela linaweza kuziba vichujio vya kasha ndani ya miezi michache.

Duka linakataa kwamba kipuri ni kibovu. Niende na nini?

Nenda na ushahidi, uwe mtulivu. Picha ya skrini ya Memtest ikionyesha makosa, kasi ya RAM na namba ya mzunguko. Picha nyingine ya kijiti kilekile kikishindwa kwa kasi ya kawaida, XMP ikiwa imezimwa, maana hiyo ndiyo inayofunga hoja ya kwamba umeongeza kasi mwenyewe. Kwa kadi ya grafiki, video fupi ya vidoti vikitokea kwenye programu ya bure ambayo fundi wa duka anaweza kuiendesha mbele yako. Kwa pawa saplai, waombe wakuazime nyingine ya wati zilezile kwa siku moja, urudie jaribio lilelile chini ya mzigo uleule. Beba kipuri ndani ya boksi lake pamoja na kebo zake zote na risiti, na namba yake ya kiwandani iwe imepigwa picha kabla hujaondoka nyumbani.